Kuhesabu Pumzi Milimani Manga

Mtoto anayelia hahesabiki pumzi. Mwanafunzi wa uuguzi hugundua hivyo siku za mwanzo tu katika wodi ya watoto, akiwa amesimama na saa yake yenye mshale wa sekunde. Darasani alifundishwa kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika anashukiwa kuwa na nimonia, na yule wa mwaka 1 hadi 5 hushukiwa anapofika 40. Alikariri, akaandika, akapita mtihani. Sasa mbele yake yuko mtoto wa miezi minane anayejipinda na kurusha mateke mapajani pa mamake, kwa sababu ameona mtu asiye na uso, macho mawili tu juu ya barakoa. Kifua kinapanda na kushuka kwa kilio. Namba yoyote itakayoandikwa kwenye karatasi dakika hiyo ni ya kubuni, na dawa itakayotolewa kwa kuitegemea itakuwa imetolewa kwa kubahatisha.

Namba zenyewe hazikuokotwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari Frank Shann alikuwa akifanya kazi Goroka, mji wa nyanda za juu za Papua New Guinea, mahali pa mvua, mibuni na vijia vya milimani, panapofanana na Gusii kuliko mtu angedhani akitazama ramani. Watoto walikuwa wakifa kwa nimonia vijijini ambako hapakuwa na eksirei wala daktari. Shann na wenzake wakajiuliza mhudumu asiye na kifaa chochote anaweza kuona nini kwa macho yake. Mwaka 1984 walichapisha jibu: kasi ya pumzi hutenga mtoto anayehitaji antibiotiki na yule mwenye mafua tu, na sehemu ya chini ya kifua inayobonyea ndani mtoto anapovuta pumzi ilionyesha nani wa kulazwa. Shirika la Afya Duniani liliuchukua ugunduzi huo, mipaka ikarekebishwa kwa umri, na leo zahanati nyingi za Afrika Mashariki zinautegemea. Una sharti moja ambalo husomwa haraka na kusahaulika haraka zaidi: mtoto awe ametulia, na ahesabiwe dakika nzima.

Nataka kukaa na sharti hilo, kwa sababu ugonjwa wa mlipuko hulivunja kabla haujavunja kitu kingine chochote.

Milima ya Manga imekaa katikati ya Kisii na Nyamira, na ukisimama ukingoni siku isiyo na ukungu unaona nchi ikishuka kuelekea Ziwa Victoria. Upande mmoja kuna mji wa Kisii na hospitali yake ya mafunzo na rufaa; upande wa pili kuna Nyamira na hospitali yake ya kaunti; Manga yenyewe ina hospitali ya kaunti ndogo. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina kampasi Kisii na kampasi Nyamira, na Chuo Kikuu cha Kisii nacho hufundisha uuguzi. Ndiyo maana asubuhi yoyote ya juma, ndani ya matatu zinazopanda na kushuka barabara hizo, hukosi kijana mwenye sare iliyopigwa pasi na daftari dogo mfukoni, anayekwenda kujifunza kazi juu ya miili ya watu walio hai.

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku chache baadaye shule na vyuo vilifungwa, na sare zikabaki kabatini. Uamuzi ulieleweka, maana glavu na barakoa hazikuwatosha hata wauguzi wenyewe. Lakini uuguzi wa watoto haujifunzwi kwa simu peke yake, na wakati ule kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyekuwa na hakika nalo: virusi hivi vinafanya nini ndani ya mwili wa mtoto?

Jibu lilikuja kwa vipande, na lilikuwa la ajabu. Magonjwa mengi ya njia ya hewa huwaonea watoto wadogo na wazee pamoja. Korona iliwapitia watoto wengi kama mafua mepesi, na wengine hawakuumwa kabisa. Utafiti wa New York wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba seli za ndani ya pua ya mtoto zina vipokezi vichache zaidi vya aina ya ACE2, yaani mahali virusi hivyo hujishikiza ili kuingia. Mwaka uliofuata watafiti wa Berlin walionyesha jambo la pili, na kwangu mimi ndilo tamu zaidi: seli za pua ya mtoto huwa zimeshajiandaa hata kabla virusi havijafika. Mitambo yake ya kunusa adui imewashwa tayari, kwa hiyo interferoni, kemikali ya tahadhari ya mwili, hutolewa mapema na kuzima moto ungali mdogo. Kwa mtu mzima tahadhari hiyo huchelewa, virusi huzaana, na kinga inapoamka huja kwa ghadhabu inayoumiza mapafu yenyewe.

Hata hivyo habari hiyo njema ilikuwa na mkia. Mwishoni mwa Aprili 2020 madaktari wa London walitoa tahadhari kuhusu watoto waliofika hospitalini na homa kali ya siku kadhaa, macho mekundu, vipele, maumivu ya tumbo na kuhara, kisha shinikizo la damu likaporomoka. Ilikuwa kinga ya mwili iliyopoteza mwelekeo, kwa kawaida wiki 2 hadi 6 baada ya korona yenyewe kupita, mara nyingi kwa mtoto ambaye hakuna aliyejua aliwahi kuambukizwa. Sasa fikiria dalili hizo zikifika Manga. Homa na tumbo kwenye milima hii humaanisha malaria au taifodi mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wazima hapa wanakumbuka jinsi malaria ilivyopanda milima ya Gusii mwaka 2002 na kuwaua watu ambao miili yao haikuzoea ugonjwa wa nyanda za chini. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba wakati wa janga kila homa ni janga atakosea. Aliyefundishwa kwamba korona haigusi watoto naye atakosea. Anachohitaji ni kumtazama mtoto mwenyewe kwa utulivu, kila mara, kama kwamba hajawahi kuambiwa lolote. Na hapo tunarudi kwenye kilio.

Wagusii ni miongoni mwa jamii za Afrika ambazo malezi ya watoto wao yamechunguzwa kwa muda mrefu sana. Robert na Barbara LeVine walifika hapa kutoka Marekani katikati ya miaka ya 1950 na kuandika juu ya jamii waliyoiita Nyansongo. Miaka ya 1970 Robert LeVine alirudi na kundi kubwa zaidi, wakiwemo madaktari wa watoto T. Berry Brazelton, Suzanne Dixon na Constance Keefer, na matokeo yake yakatoka mwaka 1994 katika kitabu kinachoitwa Child Care and Culture. Waliwaangalia mama wa Gusii na watoto wao wachanga, wakawalinganisha na mama wa Boston. Mama wa Boston aliongea na mtoto, akamkodolea macho, akamchekesha, akamlaza kitandani peke yake. Mama wa Gusii hakufanya mengi ya hayo. Mtoto wake alikuwa mwilini mwake, au mgongoni mwa omoreri, yule ndugu mkubwa anayepewa kazi ya kumlea mdogo wake. Kilio cha mtoto kilijibiwa upesi, kwa ziwa, kwa kutikiswa, kwa kupigwapigwa mgongo. Mtoto aliposisimka kupita kiasi akimtazama mamake usoni, mama aligeuza macho pembeni ili msisimko ushuke. LeVine alieleza kwamba mama wa Boston aliona mtoto kama mwanafunzi wa kuchangamshwa, na mama wa Gusii aliona uhai wa kulindwa na kutulizwa.

Katika kundi lililoandika juu ya mama na watoto wa Gusii alikuwemo pia Edward Tronick, mwanasaikolojia ambaye jina lake wengi hulijua kwa jaribio jingine. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha jaribio la uso uliotulia: mama wa Kimarekani anacheza na mtoto, halafu anaambiwa abaki kimya bila kubadilisha uso. Mtoto hutabasamu kumrudisha, hunyoosha mikono, kisha hugeuka na kununa. Korona ilipokuja, jaribio hilo lilitajwa sana. Watu waliogopa kwamba barakoa zingewafanya watoto wa dunia nzima waishi mbele ya nyuso zisizosema kitu.

Ningependa kuzisoma tafiti zile mbili kwa pamoja, ya mama wa Gusii na ya uso uliotulia, jambo ambalo sijaona likifanywa mara nyingi. Kwa mtoto aliyezoea kutulizwa kwa uso, barakoa ni hasara kubwa. Kwa mtoto aliyezoea kutulizwa kwa mgongo, barakoa ya mama ni usumbufu mdogo, na hasara kubwa ni kutengwa na huo mgongo. Kanuni nyingi za karantini ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria mtoto wa kwanza. Miaka 50 imepita tangu uchunguzi ule, na mama wa leo wa Manga ana simu, anamwimbia mtoto nyimbo za shule na anamwita kwa majina matatu. Sidai kwamba jamii imegandishwa. Ila panda matatu yoyote kutoka Kisii kwenda Nyamira uone watoto wachanga wanaolala wako wapi: wamefungwa kwa leso.

Basi mafunzo ya mwanafunzi yaanzie hapo, na si suala la huruma peke yake. Ni suala la vipimo. Walimu wazuri wa wodi ya watoto wana utaratibu wao: kama mtoto hayuko hatarini dakika hii, simama mbali kwanza. Tazama rangi, tazama kifua, hesabu pumzi mtoto akiwa mapajani au mgongoni, kabla hajajua kwamba wewe ndiye muuguzi. Kisha msogelee mama, zungumza naye, mtoto akuone mnapatana. Gusa mguu kabla ya kifua. Kuchoma kidole kwa kipimo cha malaria, kuangalia koo, kutafuta mshipa, vyote viwekwe mwisho. Mtoto asiyeamka, anayekakamaa kwa degedege au anayehema kwa shida hana muda wa adabu hizi. Huyo anapewa njia ya hewa na oksijeni papo hapo. Ujuzi wa kutenga makundi hayo mawili mlangoni ulithibitishwa na Elizabeth Molyneux na wenzake huko Blantyre, Malawi. Walipopanga upya mapokezi ya watoto ili walio hatarini waonekane kwanza, vifo vya waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Kenya ilijenga mafunzo yake ya dharura za watoto juu ya kazi ya namna hiyo.

Kuna kifaa ambacho korona ilikifanya maarufu hata kwa watu wasiowahi kukanyaga wodi: kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni. Mjapani Takuo Aoyagi alibuni namna yake ya kufanya kazi katika miaka ya 1970. Ilikuwa ikijulikana tayari kwamba damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hunyonya mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa viwango tofauti; yeye alitambua kwamba mapigo ya moyo yanaweza kutumika kutenga damu ya mshipa na nyama iliyo kando yake. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ilikuwa ikigombania kifaa chake.

Lakini kifaa hicho nacho kina masharti. Kidole kikiwa baridi au kikitikisika, namba huruka. Hina na rangi ya kucha huizuia. Milima nayo ina kodi yake: mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na sehemu za Nyamira ziko juu zaidi, kwa hiyo mtoto mzima wa huku anaweza kusoma chini kidogo ya mtoto mzima wa Mombasa. Jambo zito zaidi lilichapishwa Desemba 2020. Watafiti wa Michigan walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu yenyewe kwa watu wazima. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisema wana asilimia 92 hadi 96, ukosefu mkubwa wa oksijeni ulikuwa umefichika kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya weupe. Ngozi yenye rangi nzito hudanganya mwanga, na kifaa kilikuwa kimesawazishwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Utafiti huo haukufanywa kwa watoto, na hakuna sababu ya kukitupa kifaa. Mwongozo wa kumpa mtoto oksijeni akiwa chini ya 90 unabaki. Ila mwanafunzi wa Manga anapoona 92 kwa mtoto ambaye kifua kinabonyea na pua zinatanuka, aamini kifua. Hapo ndipo ujuzi wa Goroka, usio na betri wala waya, unapoishinda mashine.

Hebu nirudi kwa mama. Mwaka 2020, kwa kuogopa maambukizi, hospitali nyingi duniani ziliwatenga watoto wachanga na mama zao. Ilionekana busara. Wakati huohuo jaribio kubwa lilikuwa limekamilika katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, likihusu zaidi ya watoto 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Malezi ya kangaruu, yaani mtoto kuwekwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, yalianzishwa na Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya uhaba wa mashine za joto, na kwa miaka mingi yalitolewa kwa mtoto aliyekwisha kuimarika. Jaribio liliuliza: je, yakianza mara tu baada ya kuzaliwa, mtoto akiwa bado hajaimarika? Matokeo yalipochapishwa Mei 2021 yalionyesha kwamba vifo katika siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12 kwa waliowekwa kifuani mapema, na asilimia 15.7 kwa waliotengwa kwanza. Hesabu nyingine ya mwaka huohuo ililinganisha hatari mbili: kifua cha mama kingeweza kuokoa zaidi ya watoto wachanga 125,000, ilhali vifo vya watoto hao kwa korona kutokana na ukaribu huo vilikadiriwa kuwa chini ya 2,000. Mama wa enzi za kabla ya hospitali kujengwa angesema alijua. Sawa, lakini kilichomtetea mama wodini mwaka 2021 ni namba hizo, wala si kumbukumbu ya bibi yeyote.

Mfano ulio karibu nasi kwa lugha na kwa desturi ulitokea Beni, mashariki mwa Kongo, ambako mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizwa Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Ebola si korona. Hapo huwezi kumwambia mama avae barakoa amshike mwanawe. Watoto wengi waliachwa peke yao kwa sababu mama alikuwa anaumwa au amekufa, na muuguzi aliyefungwa ndani ya vazi zima la kinga hawezi kukaa na mtoto kwa saa nyingi bila kuzidiwa na joto. Suluhisho lilitoka kwenye sayansi ya kinga yenyewe. Aliyeugua Ebola akapona hubaki na kingamwili zinazomlinda. Kwa hiyo waliopona waliajiriwa kuwatunza watoto, katika kituo cha malezi karibu na kituo cha matibabu na pembeni mwa vitanda, bila mzigo wote wa mavazi, wakiwapakata, wakiwalisha, wakiwaimbia. Shirika la ALIMA nalo lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu vinavyomwezesha mgonjwa kuonwa na jamaa zake, na muuguzi kumhudumia kupitia mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani. Miaka michache kabla, huko Liberia, msanii Mary Beth Heffernan aliwabandikia wahudumu picha zao wakitabasamu kifuani, juu ya mavazi yale ya kutisha. Picha ya karatasi ni kitu rahisi mno, na sielewi kwa nini haikuenea kila wodi ya watoto Kenya mwaka 2020.

Basi mtu anafundishaje haya wakati vyuo vimefungwa au wodi haiwataki wanafunzi? Swali hilo lilikuwa na nusu ya jibu hata kabla ya korona. Mwaka 2014 baraza la uuguzi la Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia wanafunzi wa vyuo 10. Kundi moja lilifanya mazoezi ya wodi kama kawaida. La pili lilibadilishiwa robo ya saa hizo na la tatu nusu yake, wakafanya mazoezi ya kuigiza na wanasesere wa kitabibu. Waliomaliza walikuwa 666, na hakukuonekana tofauti ya maana katika maarifa wala katika utendaji wao. Korona ilipofunga wodi, vyuo vingi duniani viliutegemea utafiti huo. Hapa Kenya, watafiti wa mradi wa KEMRI-Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wameshatengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE, ambamo mhudumu anamwokoa mtoto mchanga asiyepumua, akichagua hatua kwa wakati.

Ninaukubali utafiti huo kwa tahadhari. Vyuo vile vilikuwa na walimu waliofunzwa kuigiza na muda wa kujadili kila kosa. Chumba chenye mwanasesere mmoja na wanafunzi 60 ni kitu kingine kabisa. Halafu mwanasesere hana mama. Halii kwa hofu wala hatulii leso ikikazwa. Unaweza kumhesabu pumzi ukiwa umevaa kofia ya bondia. Igizo linalofaa Manga lingekuwa na watu watatu: mwanafunzi aliyevaa mavazi kamili ya kinga, mwenzake aliyemshika mwanasesere na kumkatalia mtu asimguse, na wa tatu akiwa omong'ina, bibi aliyekuja na mtoto kutoka kijijini, asiyesikia vizuri maneno yanayopita kwenye barakoa na asiyetaka kuambiwa asubiri nje. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Na kwa pumzi zenyewe, kliniki ya chanjo imejaa watoto wazima waliotulia mgongoni. Mwanafunzi akiwahesabu wazima wengi, siku atakapomwona mgonjwa atashtuka kabla hata hajatazama saa.

Kuna funzo jingine ambalo mwanasesere hawezi kulitoa, nalo ni kujizuia. Mwaka 2011 Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake walichapisha jaribio la FEAST, lililofanyika Kilifi, Muheza huko Tanzania, na katika hospitali nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walipewa ama maji mengi ya haraka kwa mshipa, kama vitabu vya Ulaya vilivyoagiza, ama matunzo ya kawaida bila maji hayo ya haraka. Kila mtu alitarajia dripu ishinde. Katika saa 48 walikufa kama asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa. Jaribio lilisimamishwa mapema. Mtoto aliyekaushwa na kuhara hakuwemo humo, huyo bado anahitaji maji yake. Lakini kwa wengine, mkono uliozoea kukimbilia dripu ulikuwa unaua, na mikono hiyo ilikuwa ya watu wema waliofundishwa vizuri. Katika janga jipya kila mtu hutamani kufanya kitu, na wazazi hudai kifanywe. Mwanafunzi anayejua kisa cha FEAST ana sababu ya kuuliza ushahidi uko wapi kabla ya kufungua chupa.

Juni 2021 aina ya korona iitwayo Delta ilipoenea magharibi mwa Kenya, serikali ilizitaja kaunti 13 kuwa eneo la hatari, Kisii na Nyamira zikiwemo, na kafyu ikaanza saa moja jioni. Mama mwenye mtoto anayehema usiku juu ya Manga alikuwa na bodaboda iliyoogopa askari na mlima uliojaa giza. Hofu ya hospitali ilimaliza kazi. Mwaka huohuo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watoto milioni 25 duniani walikosa angalau dozi moja ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Ukosefu wa namna hiyo huacha nafasi ya surua, ambayo mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana nasema mwanafunzi anayeandaliwa kwa janga la watoto asiandaliwe kwa kirusi kipya peke yake. Kinachoelekea kumkuta ni surua ya kale katika kijiji ambacho kliniki yake ilifungwa miezi mitatu.

Kama ningepewa mstari mmoja wa kuongeza kwenye fomu ya kumpokea mtoto, ningeandika: nani humbeba nyumbani? Jibu la Manga si mama kila mara. Baba anaweza kuwa Nairobi, mama yuko shambani kwenye chai, na anayejua kumnyamazisha mtoto ni bibi wa miaka 70 au dada wa darasa la tano. Kanuni ya janga husema msindikizaji awe mmoja, avae barakoa, asibadilishwe. Kanuni ni nzuri, lakini haisemi ni yupi. Bibi yuko katika umri ambao korona huua zaidi, na dada ni mtoto mwenyewe. Hapo muuguzi ataamua, na atahitaji kuamua kabla ya kufunga mlango wa chumba cha kutengwa: mama aitwe shambani, apewe kiti, barakoa, chakula na mahali pa kulala kando ya kitanda, leso yake isichukuliwe getini. Bibi abaki nje na namba ya simu ya wodi. Mama akishamfunga mtoto mgongoni na kilio kikakatika, mwanafunzi asimame hatua mbili nyuma yake na aanze kuhesabu, dakika nzima.